Mjengo utainuka watu wakilipwa

Mhariri,

Hapa Nakuru saa hii kila mtu anaongelea barabara ya Rironi hadi Mau Summit inayopanuliwa na mimi pia nimefurahi, tipa zikianza kubeba kokoto hata mama wa chai anapata. Lakini KNBS, wale wa takwimu za serikali, ilisema ujenzi ulishuka kwa asilimia 0.7 mwaka wa 2024 na sisi mtaani tulikuwa tushaona, ukipita Kaptembwo asubuhi unapata mafundi wamekaa na mwiko na pima maji kwa gunia wakingoja simu, na nyumba za watu zimesimama kwa lenta, vyuma zimeshika kutu.

Shida kubwa ni madeni. Serikali ikichelewesha kontrakta, kontrakta anachelewesha hadweya (duka la vifaa vya ujenzi), hadweya anakataa kukopesha fundi, na mtu wa mkono, yule msaidizi wa fundi, ndiye analala njaa. Ni kweli kontrakta wa barabara wameanza kulipwa kupitia zile shilingi 7 za ushuru wa kila lita ya mafuta, sawa, lakini waliojengea kaunti madarasa na zahanati je? Na hiyo 1.5% ya nyumba za bei nafuu za serikali tunayokatwa kwa mshahara, tafadhali milango na madirisha zinunuliwe kwa mafundi wa jua kali wa hapa hapa.

Mkazi wa Kaptembwo, Nakuru