Demani usiifunge, mwanangu

Assalam alaykum mwanangu,

Picha za mashua nimeziona jana usiku, kanitumia ami yako. Wewe hukunitumia hata moja, na hilo nalisema maana limeniuma. Kumbe mlingoti ushasimama, foromali, boriti ya kubebea tanga, ishapanda, Jumamosi unaingia majini, na mie niko huku Dar nasikia kwa watu kama jirani. Haya. Mashua nzuri lakini, wallahi nzuri, nimeikuza picha mpaka simu ikaganda natazama mbao zilivyolala kwenye mataruma, zile mbavu za chombo, na hapo Nungwi mafundi tunawajua.

Kilichoninyima usingizi ni kimoja. Kwenye ile picha ya nyuma, demani, kamba ya kushikia tanga, umeipiga fundo kwenye taruma. Fundo kabisa, la kufungia mbuzi. Mwanangu, demani haifungwi! Izungushe mara moja tu, mwisho wake uwe mkononi mwako, ikija dharuba unaachia, tanga linapepea, mashua inajiinua. Ukiwa umefunga, utaanza kuhangaika na kamba iliyolowa na upepo umeshaikaza, na hapo ubavu ushakunywa maji.

Na huu mwezi wa saba, kusi imekaza. Pale ufukweni kwetu maji yametulia utadhani ya ndooni, ila ukiupita mnara wa taa upepo unakupokea mzima mzima, na mkondo nao unavuta kaskazini kwa Pemba. Kwenda utakwenda kwa raha, kurudi ndo utabisha, kombo kombo kuupanda upepo, mpaka saa ya Magharibi na chombo hujakijua tabia. Kwa hiyo siku ya kwanza bisha mwanzo, elekea upande wa Tumbatu, ukichoka upepo wenyewe ukurudishe nyumbani. Usiende peke yako, mchukue ami yako, mwenye kushika demani awe hana kazi nyengine. Laifu jaketi mvae, sitaki kusikia habari ya joto.

Alafu mbao zile kavu, hata uwe umepiga kalafati ya kuziba nyufa vizuri vipi zitavuja, iache ilale majini siku 2 mbao zinywe ndo ufue maji yaliyoingia ndani utweke tanga. Kama Jumamosi haifiki basi haifiki, hakuna anayekufukuza. Pale ulipounga foromali umetumia naironi mpya, inateleza hiyo, funga upya kwa kamba ya makumbi uilowanishe kwanza. Viroba vya mchanga vya farumi, ule uzito wa kutuliza chombo, vifunge visitembee, hivyo ndo vya kufunga. Demani hapana.

Najua nyumbani wote wanasema babu yako ndo aliyefunga demani siku ile, nae mpaka anaingia kaburini hakukataa. Kamba alikuwa kanipa mie niishike. Nilikuwa nala muhogo, nikataka mikono yote miwili.

Basi. Nimetuma elfu 60 kwa simu, elfu 40 ni dawa ya presha ya mama yako, asikudanganye kuwa bado anayo, mie nimehesabu vidonge mwenyewe nilipokuja Idi. Zinazobaki nunua misumari ya bati la jikoni, na usichukue misumari iliyobaki ya mashua ukaniambia umeokoa pesa, najua ulivyo. Nazi za nyuma ya nyumba zianguliwe kabla hazijamwangukia mtu. Dada yako kaniambia vitabu vya skuli bado, kwa nini mpaka aniambie yeye? Mama yako Jumamosi asikae ufukweni juani kukusubirini, atakaa tu najua, basi mpelekeeni kiti na maji.

Fundo lile lifungue leo, usingoje Jumamosi. Ukishalifungua lipige picha taruma likiwa tupu unitumie. Unitumie wewe mwenyewe, sio ami yako.

Baba yako