Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Urea, Maji na Ubora wa Mchele Wetu

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mhazini, na mfereji mkuu mmeuona ulivyosafishwa. Muda wangu nautumia kwenye urea, maana ndiyo iliyotuletea maneno na wanunuzi mwaka huu.

Tangu ruzuku ya mbolea ianze msimu wa 2022/2023, wengi wetu tunaimudu urea kuliko zamani. Ni jambo jema. Ila hapa Usangu tumejijengea imani kwamba jaruba likibaki kijani hadi mwisho, magunia yatajaa. Wapo wanaomwaga urea hata masuke yakiwa yameshachomoza, eti kuongeza rangi. Naitrojeni ya wakati huo haizai suke jipya. Nyingi huishia kwenye punje kama protini, na protini ikizidi, wanga hauvimbi vizuri jikoni: wali unakuwa mgumu, ukipoa ndiyo kabisa. Wajapani wanaolima Koshihikari, mpunga mrefu unaolala kirahisi kama Supa yetu, hujihadhari na mbolea ya mwishoni kwa sababu hiyo hiyo.

Kwenye Supa hasara ni maradufu, maana urea ikizidi mpunga mrefu huanguka na kulala. Mpunga uliolala majini hukomaa vibaya, na mashineni unatoa chenga. Kisha lawama anabebeshwa mwenye mashine.

Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Kwa mpunga wa SARO 5, wenye shina fupi, mifuko miwili kwa ekari iwe kikomo; kwa Supa mmoja unatosha. Nusu iingie wiki mbili hadi tatu baada ya kupandikiza, nusu mpunga unapoanza kutunga suke. Awamu hii ya pili msiitafute kwenye kalenda. Ng'oa shina kubwa, lipasue kwa wembe kuanzia chini. Ukiona juu ya kifundo cha mwisho ncha nyeupe yenye manyoya, ya milimita 1 au 2, wakati umefika. Hapo linganisha jani la juu lililokwisha kufunguka na kadi ya rangi, ile yenye ngazi za kijani za kupimia majani, ukilikinga jua kwa mwili wako. Likiwa bado limekolea kijani, punguza mbolea au acha kabisa.

Sasa ugomvi wa maji. Urea ikimwagwa kwenye maji mengi, jua likiwaka, sehemu kubwa hugeuka amonia na kupotelea hewani, nyingine huvuka tuta kwenda kwa jirani, na jirani harudishi. Anayekuzia, yaani anayemwagia mpunga urea shambani, apunguze maji hadi yafunike tope tu, amwage, azibe tuta, kisha arudishe maji baada ya siku mbili tatu. Kwa utaratibu wetu wa sasa, anayefunga lango la maji la jaruba lake anapoteza zamu. Ndiyo maana watu wanamwaga kwenye kina kirefu.

Kamati inapendekeza atakayemtaarifu mgawa maji kwamba anakuzia asogezewe zamu bila faini. Walio mwisho wa mfereji wana hofu, na wana haki ya kuhofu, kwa hiyo katika siku za kukuzia waanze wao. Pia tununue kadi za rangi kwa fedha za chama, na ghalani Supa isichanganywe tena na SARO 5.

Naomba hoja hizi ziamuliwe leo, kabla hatujaanza kusia vitalu.

Naomba kuwasilisha.