Mkiandika namba yangu, mnijulishe kwanza

Bwana Mhariri,

Nipe nafasi kidogo niongee na vijana wa Bukavu wanaotafuta kazi, hasa mmoja wao.

Jumanne moja nilikuwa sokoni Nyawera nikibishana bei ya sambaza, simu ikalia. Dada mmoja, Kifaransa chake cha Kinshasa, akasema kuna kijana ameomba kazi kwao na ameniandika kwenye CV kuwa mtu wake wa referansi, yaani wa kuulizwa habari zake. Akataja jina. Sasa, mimi nilitunza depo, yaani ghala, miaka 19, na mwaka 2018 tulipokea stajeri wawili, vijana wa kujifunza kazi, wenye jina hilohilo. Mmoja, mrefu, alifika kabla yetu sote, akahesabu katoni mara mbili bila kuambiwa. Mwenzake tulimkuta mara tatu amelala juu ya magunia ya unga. Nami, kwa kelele za soko, nikauliza bila kufikiri: “Ni yule mrefu ao ni yule wa kulala?”

Dada akanyamaza. Akanishukuru, akakata.

Jioni ndipo nilipoelewa nilichofanya. Lakini kosa tugawane, kwa sababu kijana hakuniuliza. Angenipigia hata siku moja kabla, ningejua ni yupi na anaomba kazi gani. Najua mnaona haya kusumbua wakubwa, au mnaogopa tutadai pesa ya sukari. Mimi sidai.

Wengine hunijibu, “Mama, si niko na atestasyo?” Atestasyo, karatasi ya kuonyesha kuwa ulifanya kazi, ni haki yako. Kanuni ya Kazi ya Kongo ya 2002 inamlazimu mwajiri akupe karatasi hiyo mkataba wako unapokwisha, hata kama mmeachana kwa ubaya. Ila sheria hiyohiyo inasema humo iandikwe aina ya kazi, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na namba yako ya usalama wa jamii, basi. Kwa hiyo wale wawili wangu walitoka na karatasi zinazofanana kama mapacha. Anayetaka kujua nani alihesabu katoni na nani alilala, lazima anipigie mimi.

Na sisi wa kupigiwa tumetawanyika. Mwaka 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake, vita navyo vikafika mjini, ofisi nyingi za mashirika zikafunga. Leo mkubwa wako yuko Kampala au Kinshasa, na anwani ya barua-pepe uliyoiandika ilikufa pamoja na ofisi. Kabla hamjaagana, chukua namba yake mwenyewe.

Siku hizi nina daftari. Anayekuja kuniomba namwandika jina, mwaka, kazi aliyofanya, na jambo moja nililomwona akilifanya kwa macho yangu. Si wote ninaowakubalia. Mmoja nilimwambia: mwanangu, mifuko ile ya saruji ilipotea zamu yako, wakiniuliza sitadanganya, tafuta mwingine. Alinuna, lakini namba yangu aliiondoa.

Wewe wa 2018, kama ndiwe yule mrefu, nisamehe sana. Namba ni ileile. Nipigie, au pita nyumbani na tangazo la kazi unayoomba, tulisome pamoja. Yule mwingine naye aje. Huenda siku hizi analala nyumbani.

Mama wa depo, mstaafu
Kadutu, Bukavu