Wito wa Harambee: Vyoo vya Shule Yetu Kabla ya Masika

Ndugu wazazi, wahitimu na majirani wa shule,

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo.

Kamati ya shule inawaandikia kwa haya, maana si muda mrefu tangu mlipotuchangia madawati, nasi tunabisha hodi tena. Mvua zilizopita zilijaza maji mashimo ya vyoo vya watoto na kuangusha kuta za upande wa bondeni. Shule nzima imebakiwa na matundu 2, ilhali mwongozo wa serikali unataka tundu 1 kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25. Mapumziko huisha foleni ikiwa ndefu. Wadogo hujisaidia nyuma ya ukuta, hatua chache kutoka wanapouziwa maandazi, na wasichana wakubwa walio katika siku zao hubaki nyumbani.

Wakazi wa Dar es Salaam wanajua hali kama hiyo huishia wapi. Kipindupindu kilichoanza Kinondoni Agosti 2015 kilikuwa, kufikia Aprili 2016, kimewapata watu zaidi ya 24,000 Bara na Zanzibar, na zaidi ya 370 kati yao walifariki, ingawa ni ugonjwa ambao wengi hupona wakiwahi kurudishiwa maji na chumvi mwilini.

Wapo wanaosema kwamba mabondeni kunaugua kwa sababu watu wake ni wachafu. Kamati haikubali kauli hiyo. Huku kwetu maji ya ardhini yako karibu, hivyo shimo la choo haliwezi kuchimbwa refu na hujaa upesi. Gari la majitaka halipiti vichochoroni, na hata likifika, malipo yake humzidi mpangaji aliyekwisha kulipa kodi ya chumba. Ndiyo maana mvua kubwa ikinyesha wapo wanaotapisha vyoo, yaani kufungulia kinyesi kitoke na maji ya mvua, na uchafu huo ukaingia katika visima vya majirani. Bomba likikauka maji hununuliwa kwa dumu, kwa bei inayozidi ile ya mwenye bomba lake ndani, na maji ya kunawa mikono ndiyo ya kwanza kupunguzwa. Kuchemsha ya kunywa kunataka mkaa. Kibarua aliyeanza kuharisha alfajiri huenda kazini hivyo hivyo, kwa kuwa asipofanya kazi watoto wake hawali, na anapofikishwa zahanati jioni mwili umekwisha kuishiwa maji. Kimelea ni kile kile Masaki kwa matajiri na Tandale kwa maskini, lakini njia zake za kupita ni nyingi zaidi pale kipato kilipo kidogo, na shuleni kwetu hukutana watoto wa mitaa hiyo yote kila asubuhi.

Tunaomba mtusaidie kujenga vyoo vilivyoinuliwa juu ya usawa wa mafuriko, karo la majitaka lisilovuja, tangi la maji na sehemu ya kunawia mikono. Asiye na fedha alete saruji, nondo, kokoto au nguvu zake. Kwa wahitimu wetu tunasema kwa upendo: kila mwezi mnachangia kamati za harusi, tena kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kadi, choo cha wadogo zenu nacho kinastahili kadi hiyo. Mwenyezi Mungu awazidishie pale mtakapopunguza.

Elimu ni bila malipo, kwa hiyo mchango huu ni wa hiari na hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani kwa sababu yake. Kila mchango utakatiwa stakabadhi, na taarifa ya mapato na matumizi itabandikwa kwenye ubao wa matangazo kila mwisho wa mwezi.

Harambee itafanyika uwanjani pa shule Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, saa nne asubuhi. Watakaoshindwa kufika wawasilishe ahadi zao kwa mweka hazina, katika ofisi ya mwalimu mkuu, kabla ya siku hiyo, kwa sababu fundi anahitaji majuma kadhaa ili zege la karo likomae kabla ya mvua za Machi.