Ruta yenye laini mbili: taa ya kijani haitoshi

Ndugu yangu Hamisi,

Salamu nyingi. Umeuliza kwa nini ruta yako haihamii laini ya pili wakati intaneti imekatika na taa ya laini ya kwanza bado ni ya kijani. Taa ile inatoa habari za kebo iliyo kati ya ruta na modemu tu. Faiba ikikatika mbele ya modemu, kebo hiyo ni nzima, na ruta inaendelea kutuma pakiti (vipande vya data) zisikofika.

Kupima lango la mtoa huduma, yaani mashine yake ya kwanza ambayo ruta yako hukutana nayo, nako hakutoshi. Ruta ya MikroTik, kwa mfano, ukiiwekea check-gateway=ping (pingi ni swali fupi la “upo?”) hupima kila sekunde 10, na jibu likikosekana mara mbili lango linahesabiwa limekufa. Lakini lango laweza kujibu vizuri huku njia ya mbele yake imekatika. Pima anwani za mbali za DNS ya umma (huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba za anwani): 1.1.1.1, 8.8.8.8 na 9.9.9.9. Usitegemee moja, maana siku ikiacha kujibu utahama bure. Kwenye mwan3, programu ya kusimamia laini kadhaa katika mfumo wa ruta wa OpenWrt, weka reliability kuwa 2. Laini itahesabiwa hai iwapo anwani mbili kati ya hizo tatu zinajibu.

Sasa shika hili sana: kipimo lazima kitokee kwenye laini inayopimwa. Kisipofungwa hapo, ruta ikishahama kitapita kwenye laini ya pili, kitajibiwa, na ruta itaamini ya kwanza imepona. Itarudi, ikute hamna kitu, ihame tena, na hivyo hivyo kutwa nzima. Kwenye Linux unahakikisha kwa mkono: `ping -I eth1 8.8.8.8`, ambapo eth1 ni mlango wa laini ya kwanza. Na kama umekifunga kwa kuandika njia ya kudumu ya 8.8.8.8 kupitia laini ya kwanza, usiwape watumiaji anwani hiyo hiyo kama DNS. Laini ikifa, majina yote yatagoma ingawa laini ya pili inafanya kazi vizuri. Epuka pia DNS ya mtoa huduma wa kwanza. Nyingi hukataa maswali yanayotoka nje ya mtandao wake.

Kuhusu muda, mimi ningepima kila sekunde 5, nisubiri jibu sekunde 2, na kuhama baada ya kukosa mara 3 mfululizo. Kurudi kuwe kwa taratibu: majibu 10 mfululizo kwanza. Laini inayokatika na kurudi inaudhi kuliko iliyokufa kabisa, kwa sababu kila uhamaji hubadilisha anwani yako ya nje, na miunganisho yote ya TCP (kama ya kupakua faili) iliyokuwa wazi inakufa.

Simu zako za SIP (simu zinazopitia intaneti) zinazobaki kimya baada ya kuhama zina ugonjwa wake. Ruta hukumbuka kila mazungumzo pamoja na anwani ya nje iliyoyapa mwanzoni. Kumbukumbu ya UDP, njia ya kutuma pakiti ambayo simu hizo hutumia, ingejifuta yenyewe baada ya dakika chache za ukimya, lakini simu hutuma pakiti kila baada ya sekunde kadhaa ili muunganisho usilale, kwa hiyo haifutiki. Pakiti zinatoka kwenye laini ya pili zikiwa na anwani ya laini ya kwanza, na hakuna jibu litakalorudi. Ifute mara tu ruta inapohama, kwenye Linux: `conntrack -D -p udp --dport 5060`, ambapo 5060 ni namba ya kawaida ya SIP. Kwenye mwan3 tumia flush_conntrack kwa disconnected na connected (laini inapoonekana imekufa au imepona), ifanyike yenyewe.

Ikiwa laini ya pili ni ya kifurushi cha simu, pingi peke yake inaweza kukudanganya, maana kuna mitandao inayoendelea kujibu pingi hata kifurushi kikiisha. Omba kwa HTTP, kama kivinjari kinavyoomba ukurasa, anwani inayojulikana kurudisha msimbo 204 (jibu lisilo na maandishi). Ukipata 200 au 302, umepelekwa kwenye ukurasa wa kununua kifurushi.

Ukijaribu, usichomoe kebo ya ruta. Hilo hata ruta isiyopima chochote italigundua. Chomoa faiba nyuma ya modemu, uache modemu na ruta zimeunganishwa, kisha hesabu sekunde mpaka ukurasa ufunguke. Fanya hivyo simu ya SIP ikiwa hewani. Baadaye rudisha faiba, na uone kama ruta inasubiri kabla ya kurudi. Niandikie sekunde ulizopata kwa kila upande.

Rafiki yako,
Salimu