Divai ya zabibu zetu si kinga ya kongosho

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mkulima wa zabibu hapa Hombolo, kwa hiyo haya ninayoandika hayanisaidii kuuza. Msimu uliopita, siku ya kuchuma, nilimsikia mnunuzi mmoja akiwaambia vijana waliokuwa wakipakia kreti kwamba wanywe divai kila jioni bila hofu: wekundu wa zabibu una antioksidanti, yaani kemikali zinazotuliza kemikali kali za oksijeni mwilini, unasafisha damu na kulinda kongosho, kile kiungo kilicho nyuma ya tumbo. Vijana wakafurahi. Mimi nikanyamaza, na kunyamaza kule kunaniuma hadi leo.

Kaka yangu nilimuuguza ugonjwa wa kongosho mwaka mzima. Kulala chali alishindwa. Alikuwa akikaa kitandani ameinama mbele, amekumbatia mto, maumivu yakimtoka chembe ya moyo mpaka mgongoni. Choo chake kilielea kwa mafuta, mwili ukapukutika, kisha kisukari kikafuata. Alikuwa mnywaji wa miaka mingi, wanzuki, gongo, divai, chochote kilichopatikana.

Daktari alitueleza kwa subira. Kongosho hutengeneza vimeng'enya vya kusaga chakula, navyo hukaa vimelala mpaka vifike kwenye utumbo mdogo. Pombe ikivunjwa ndani ya seli za kongosho huacha asetaldehidi na masalia mengine yanayoumiza mitokondria, vile vinu vya nishati vya seli. Kalsiamu hujaa ndani ya seli, vimeng'enya huamka kabla ya wakati, na kongosho huanza kujisaga lenyewe. Kemikali kali za oksijeni huongezeka, kongosho huvimba, na kuvimba kukirudiarudia huacha makovu. Sigara huzidisha, na kaka alikuwa akivuta pia. Si kila mlevi hupata ugonjwa huu, ndiyo maana watu wanadanganyika kirahisi wakimwona jirani yuko salama.

Antioksidanti zenyewe sina ugomvi nazo. Kwa panya wa maabara, kurkumini, kemikali iliyomo kwenye kiungo cha manjano, ilipunguza kuvimba kwa kongosho lililoumizwa kwa pombe. Lakini binadamu si panya. Mwaka 2012 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya wagonjwa 70 wenye ugonjwa sugu wa kuvimba kongosho, wengi wao chanzo kikiwa pombe: vidonge vya antioksidanti kwa miezi sita havikupunguza maumivu kuliko vidonge visivyo na dawa. Utafiti wa India wa mwaka 2009 ulionyesha nafuu, ila wagonjwa wengi wa huko hawakuugua kwa sababu ya pombe. Tofauti hiyo, kwa maoni yangu, mnunuzi wa zabibu angepaswa kuijua kabla ya kufungua mdomo.

Tena tupige hesabu. Chupa ya mililita 750 yenye kilevi cha asilimia 12 ina takriban gramu 71 za pombe tupu. Resveratroli, ile kemikali ya ganda la zabibu inayosifiwa sana, humo ni miligramu chache tu. Kwa kijiko cha maji huwezi kuzima moto ulioumwagia petroli kwa ndoo.

Zabibu tule, pamoja na ganda lake. Tule mlenda, mchicha, ubuyu, karanga. Ni chakula kizuri na tunacho hapa hapa. Ila mtu asile mlenda mchana ili apate ruhusa ya kulewa usiku.

Naomba gazeti lako lisichapishe tangazo lolote la divai linaloahidi afya, na mtuletee daktari wa tumbo aeleze kongosho kwa lugha ya nyumbani. Mwenye maumivu kama ya kaka yangu akimbizwe hospitali, asipewe juisi ya zabibu. Na ndugu wenye mtu anayekunywa sana kila siku wasimkatishe ghafla wakiwa peke yao nyumbani, maana anaweza kutetemeka na hata kupata degedege. Wampeleke kwa wahudumu wa afya, aachishwe chini ya uangalizi.

Mkulima wa zabibu,
Hombolo, Dodoma