Mwanangu, usitie saini bado

Mwanangu,

Assalam alaikum. Mkataba ulionitumia nimeusoma wote, hata yale maandishi madogo ya mwisho. Najua una haraka nao, na hao jamaa wa Nairobi wanaotaka kuwa mameneja wako wamekuahidi video, mavazi na safari za Dar. Kuimba sikukatazi, wala sitakukataza. Ila kalamu iweke chini kwanza.

Tazama ukurasa wa tatu. Pameandikwa kwamba rekodi zote utakazofanya ni mali yao, duniani kote na kwa muda wote. Wimbo mmoja una mali mbili ndani yake: utunzi, yaani maneno na lahani yake, na rekodi yenyewe iliyotoka studio. Kwa sheria ya Kenya utunzi unalindwa maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Rekodi hulindwa miaka 50 tangu ifanywe. Kwa hivyo wimbo ulioutunga hapa barazani Kibokoni unaweza kuwalisha hata wajukuu zangu. Na ukurasa wa nne wanataka utunzi pia!

Enzi za kanda nilikuwa nikimpelekea babako chai alipokwenda kupiga fidla kwenye rekodi. Nikamkuta mwimbaji mlangoni akihesabu noti zake, na nyuma yake mashine za kunakili zishaanza kuzunguka. Kanda zilifika Lamu, Tanga na Unguja. Yeye alilipwa siku ile tu. Sauti yake ningali naisikia kwenye harusi za watu, na inaniuma.

Waliodumu hawakudumu kwa video. Marehemu Zein l'Abdin, mwimbaji wa taarabu, alishika ala yake ya udi hadi uzeeni, akiimba tungo nzito za washairi kina Ahmed Sheikh Nabhany. Watu walimfuata kwa sababu alikuwa na kitu cha kusikilizwa. Bendi ya Them Mushrooms walianza hapa pwani mwaka 1972, wakapiga usiku baada ya usiku kwenye mahoteli ya ufuoni, mbele ya wageni wasiowajua, kabla jina lao halijavuka mipaka. Huko ndiko mtu hujifunza kumshika msikilizaji, kupumzisha koo na kulipana bila kugombana. Wewe una nyimbo sita. Harusi za Kisauni na Likoni usiziache. Ongeza nyimbo, imba na wapigaji wa kweli, usiimbe juu ya muziki wa flashi kila siku.

Meneja kwa kawaida huchukua asilimia 15 hadi 20 ya mapato ya msanii. Hawa wanataka 40, tena ya kila kitu, hata ukialikwa kuimba kwa shangazi yako. Na gharama zao zote zinakatwa kwanza kwenye fungu lako, bila kikomo kilichoandikwa. Mtu anaweza kujulikana nchi nzima na bado anadaiwa na meneja wake.

Mambo ya karatasi usiyaonee uvivu. Kabla hamjatoka studio, andikeni nani katunga, nani katengeneza biti, na kila mmoja ana asilimia ngapi, kisha mtie saini. Sajili kazi zako kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Kisha kuna vyama vya kuwakusanyia wasanii malipo ya nyimbo zao: MCSK iliundwa kwa ajili ya watunzi, PRISK kwa waimbaji na wapigaji, KAMP kwa wenye rekodi. Wewe ni mtunzi na mwimbaji, kwa hivyo mlango wako si mmoja. Uliza Bodi ni chama gani kina leseni mwaka huo kabla hujajiunga. Na miito ya simu, ule wimbo anaousikia anayekupigia, usiidharau: sheria iliyorekebishwa 2022 inampa mwenye wimbo asilimia isiyopungua 52 ya mapato yake.

Wakikutaka kweli, waambie utawapa ruhusa ya kutumia rekodi kwa miaka mitano, kisha zirudi kwako. Utunzi ubaki wako. Gharama ziwe na kikomo, na hesabu uletewe kila miezi sita kwa maandishi. Wakikasirika kwa hayo, mamangu, wamekwisha kukujibu.

Mjombako ana rafiki wakili, afisi yake iko karibu na Mwembe Tayari. Nimeshamweleza. Nenda Jumatatu asubuhi na karatasi zote, na yale malipo ya kumwona nitayatoa mimi.

Mamako